Sayansi: Tone la mafuta, umeme kidogo sana, na njia mpya ya kusoma virusi

Mwishoni mwa mwaka wa 2019, wakati ugonjwa wa Ebola ulikuwa umeanza kupungua katika Kivu ya Kaskazini, mgonjwa mmoja aliwatia waganga wasiwasi mkubwa. Alikuwa amechanjwa. Hata hivyo aliugua, akatibiwa kwa dawa ya mAb114, akapona ndani ya siku 14 na kurudi nyumbani. Miezi sita baadaye akaletwa tena akiwa mahututi, na virusi vya Ebola vikaonekana upya ndani ya damu yake. Mara hiyo ya pili hakupona.

Swali likabaki mezani. Je, mtu huyo aliambukizwa upya na mgonjwa mwingine, ao ni virusi vyake vya zamani vilivyokuwa vimejificha mwilini na kuamka? Jibu lilikuwa na uzito kwa kila familia ya eneo lile. Kama ni maambukizi mapya, basi kulikuwa na mgonjwa asiyejulikana anayetembea kati ya watu. Kama ni virusi vya zamani, basi waliopona ndio walihitaji kufuatiliwa kwa uangalifu na kwa muda mrefu zaidi.

Jibu lilipatikana kwa kusoma herufi za virusi vyenyewe. Watafiti wa INRB, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Tiba yenye makao yake Kinshasa, pamoja na wenzao wa inchi zingine, walilinganisha virusi vya ugonjwa wa kwanza na vya ugonjwa wa pili. Ikaonekana kwamba ugonjwa wa zamani ndio uliorudi. Kutoka kwa mgonjwa huyo mmoja ulizaliwa mlolongo wa watu 91 walioambukizwa, katika zoni sita za afya, ndani ya miezi minne. Matokeo hayo yalitangazwa kunako mwaka wa 2021.

Mlipuko huo wa kumi wa Ebola nchini Congo ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020. Watu 3,470 waliugua, 2,287 kati yao wakafa. Katika muda huo INRB ilisoma virusi vya wagonjwa 744, kazi ambayo zamani ingesubiri labo za Ulaya ao Marekani.

Kuna njia mbalimbali za kusoma herufi za virusi, na kila njia ina mashine zake. Moja kati ya mashine hizo inaingia mfukoni. Ndani yake hakuna taa wala kioo cha darubini. Kuna utando mwembamba kupita kiasi, tundu dogo katikati ya utando, na umeme kidogo unaopita katika tundu hilo. Wanaoitumia wengi hawajui kwamba historia yake ilianza karibu miaka mia moja iliyopita, wakati hakuna mtu aliyekuwa akifikiria kusoma virusi. Ilianza kwa watu waliotaka kujua jambo moja tu: je, ngozi ya seli inapitisha umeme?

Kila seli ina ukuta wake

Mwili wa mtu umejengwa kwa seli, na kila seli imezungukwa na utando. Bila utando huo, maji ya ndani na maji ya nje yangechanganyika na seli ingekufa. Sehemu kubwa ya utando ni mafuta ya namna ya pekee yanayoitwa lipidi. Kila molekuli ya lipidi ina kichwa kinachopenda maji na mikia inayoyakimbia. Zikiwa ndani ya maji, molekuli hizo hujipanga zenyewe katika safu mbili: vichwa vinatazama maji upande huu na upande ule, mikia inajificha katikati. Mama anayepika kwa mawese anajua kwamba mafuta na maji havikubaliani. Utando wa seli unasimama kwa sababu ile ile.

Mwanzoni mwa karne ya 20 hakuna aliyekuwa ameuona utando huo. Darubini za wakati ule hazikuwa na nguvu ya kutosha. Kipimo cha kwanza cha unene wake kilitolewa na umeme.

Hugo Fricke, mwanafizikia mzaliwa wa Denmark, alikuwa akifanya kazi katika hospitali ya Cleveland Clinic nchini Marekani. Alipitisha umeme katika damu, ule umeme unaogeuka mbele na nyuma mara nyingi kwa sekunde. Umeme ulipogeuka polepole, ulizunguka seli nyekundu bila kuingia ndani. Ulipogeuka haraka sana, ulipita hadi ndani. Kwa mwanafizikia, mwenendo huo ulikuwa na jina.

Fundi yeyote wa radio wa Goma ao Bukavu anakijua kifaa kinachoitwa kondansateri. Ni vipande viwili vyembamba vinavyopitisha umeme, vikiwa vimetenganishwa na kitu kisichopitisha. Kifaa hicho kinaweka chaji ya umeme. Kadiri vipande hivyo viwili vinavyokaribiana, ndivyo chaji inavyokuwa nyingi. Fricke alielewa kwamba seli ya damu inafanya kazi kama kondansateri: maji yenye chumvi yako ndani, maji yenye chumvi yako nje, na katikati kuna mafuta yasiyopitisha umeme. Basi akageuza hesabu. Kama kiasi cha chaji kinajulikana, unene wa kitu kilichoko katikati unaweza kukadiriwa.

Kunako mwaka wa 1925 alitoa jibu lake: mikrofaradi 0.81 kwa kila sentimita ya mraba, na unene wa nanometa 3.3. Nanometa moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Leo inakubaliwa kwamba utando mzima una unene wa karibu nanometa 5. Unywele mmoja wa kichwa unaupita zaidi ya mara elfu kumi. Fricke hakuwa mbali, na alikuwa amepima kitu ambacho hakuna jicho lililokiona.

Mwaka huo huo, katika muji wa Leiden nchini Uholanzi, Evert Gorter na François Grendel walifuata njia nyingine. Walitoa mafuta kutoka seli nyekundu za damu, wakayatandaza juu ya maji hadi yakawa safu ya molekuli moja tu. Wakaona yanafunika eneo karibu mara mbili ya ngozi ya seli zile. Wakasema: basi ngozi ya seli ni safu mbili. Miaka mingi baadaye watafiti wengine waligundua kwamba wawili hao walikuwa wamefanya makosa mawili. Hawakutoa mafuta yote, na walikadiria ngozi ya seli kuwa ndogo kuliko ilivyo. Kosa moja likafuta lingine, na jibu likabaki la kweli.

Povu la sabuni ndani ya maji

Utando wa seli hai una mambo mengi ndani yake: mafuta, protini, sukari. Ni vigumu kujua kila kimoja kinafanya kazi gani. Njia ya kutoka ilikuwa kutengeneza utando kwa mikono, wa mafuta matupu, kisha kuongeza kitu kimoja kimoja na kuona kinacholeta mabadiliko.

Kazi hiyo ilifanikiwa mahali ambapo wengi hawangepatazamia: taasisi ya magonjwa ya akili ya Eastern Pennsylvania, katika muji wa Philadelphia. Labo ya taasisi hiyo ilitaka kuelewa namna neva inavyopeleka ujumbe. Ilijulikana tayari kwamba ujumbe huo ni umeme unaokimbia katika utando wa neva. Lakini utando wenyewe unaupitishaje, ikiwa mafuta hayapitishi umeme? Waliokuwa wakitafuta jibu ni Paul Mueller, Donald Rudin, H. Ti Tien na William Wescott.

Walianza na jambo ambalo kila mtoto analijua. Povu la sabuni likipulizwa linaonyesha rangi za upinde wa mvua. Likitazamwa vizuri, mahali fulani rangi zinapotea na doa jeusi linaonekana, muda mfupi kabla ya povu kupasuka. Robert Hooke na Isaac Newton walikuwa wameandika juu ya madoa hayo tangu zamani za karne ya 17 na ya 18. Doa linakuwa jeusi kwa sababu pale povu ni jembamba sana. Mwanga unaorudishwa na uso wa mbele na ule unaorudishwa na uso wa nyuma unafutana, na jicho halipati kitu.

Watafiti wa Philadelphia walifanya jambo lile lile, lakini ndani ya maji. Walichukua kikombe cha plastiki chenye tundu dogo ubavuni, wakakitia ndani ya chombo kikubwa, wakajaza maji ya chumvi pande zote mbili. Kisha kwa burashi ndogo ya manyoya wakapaka juu ya tundu lile mafuta yaliyotolewa katika ubongo wa mnyama. Mwanzoni mafuta yalikuwa mazito. Yakaanza kuwa membamba yenyewe, rangi zikatokea, kisha doa jeusi, likapanuka mpaka tundu lote likaonekana kama liko wazi. Halikuwa wazi. Lilikuwa limezibwa na safu mbili za molekuli.

Walieleza kazi yao katika mkutano wa Desemba 1961 mjini New York, na kuichapisha mwaka uliofuata katika gazeti la sayansi la Nature. Tangu siku hizo utando huo unaitwa utando mweusi wa lipidi.

Namna ya kupima kisichoonekana

Kama tundu lote linaonekana tupu, mtu anajuaje kwamba utando uko? Hapo ndipo umeme unapoingia. Waya mmoja wa fedha unawekwa katika maji ya upande wa kwanza, mwingine upande wa pili. Kila waya umefunikwa na kloridi ya fedha ili umeme upite vizuri kati ya waya na maji ya chumvi. Kisha watafiti wanaweka nguvu ndogo ya umeme, kama volti sehemu moja ya kumi, na kupima kinachopita.

Kipimo cha kwanza ni ukinzani, yaani namna utando unavyozuia umeme. Kabla ya kupaka mafuta, umeme unapita kwa wingi katika tundu. Utando ukikamilika, mshale wa kipimo unashuka karibu na sifuri. Ukipasuka, mshale unaruka juu ghafla. Hakuna namna ya kukosea.

Kipimo cha pili ni kile cha Fricke, uwezo wa kuweka chaji. Mtafiti anapandisha volti kidogo kidogo kwa mwendo ulio sawa, kisha anaishusha kwa mwendo ule ule. Umeme unaoonekana wakati huo haupiti katika utando. Unajaza tu chaji pande mbili, kama maji yanayojaza bidoni. Kutokana na kiasi hicho na ukubwa wa tundu, unene unahesabiwa. Kama mafuta bado ni mazito, uwezo unakuwa mdogo. Yanapokuwa safu mbili tu, uwezo unapanda na kutulia. Kwa tundu lenye upana wa sehemu moja ya kumi ya milimita, uwezo huo ni karibu pikofaradi 50.

Kipimo cha tatu ni nguvu ambayo utando unavumilia kabla ya kupasuka. Neva ikiwa imetulia, kati ya ndani na nje yake kuna karibu milivolti 70. Ni kidogo sana ukilinganisha na volti 220 za nyumbani. Lakini milivolti hizo zimebanwa katika unene wa nanometa 5. Kwa kila sentimita, nguvu hiyo ingekuwa volti zaidi ya laki moja, mara kadhaa ya ile inayotosha kupasua hewa na kutoa cheche. Kila seli ya mwili inaishi na mvutano kama huo katika ngozi yake.

Kazi hiyo inadai uvumilivu. Mtu akifunga mlango kwa nguvu, utando unapasuka. Gari likipita karibu, meza inatikisika na kipimo kinaharibika. Waya za umeme za ukutani zinaleta kelele yake katika kipimo, kama mlio unaosikika katika radio mbovu. Ndiyo maana chombo chote kinafungiwa ndani ya sanduku la chuma, juu ya meza nzito isiyotikisika. Wanafunzi wengi wamekaa usiku mzima wakipaka mafuta, wakisubiri, na kupaka tena.

Pale Philadelphia, utando wa mafuta matupu ulionyesha wazi kwamba mafuta peke yake ni ukuta uliofungwa. Lakini watafiti walipoongeza kitu kilichotolewa katika bakteria, umeme ulianza kupita. Tena ulipita kwa namna ya ajabu: utando uliweza kujifungua na kujifunga kufuatana na volti, kama neva inavyofanya. Jibu likaanza kuonekana. Mafuta ndiyo ukuta, na milango iko katika vitu vingine vilivyochomekwa ndani yake.

Mlango mmoja kwa wakati

Lilibaki jambo moja la kuthibitisha: je, ni milango kweli, ao ni umeme unaovuja polepole kila mahali?

Kunako mwaka wa 1970, katika chuo kikuu cha Cambridge nchini Uingereza, Stephen Hladky na Denis Haydon walitumia gramisidini, dawa inayoua bakteria. Waliweka kiasi kidogo sana ndani ya utando mweusi. Umeme haukupanda kidogo kidogo. Ulipanda kwa hatua, kama mtu anayepanda ngazi: hatua moja juu, kutulia, kisha hatua moja chini. Kila hatua ilikuwa na urefu uleule. Walikuwa wanaona mlango mmoja, wa molekuli mbili tu za gramisidini, ukifunguka na kufungika.

Umeme wa mlango mmoja namna hiyo unapimwa kwa pikoampea. Pikoampea moja ni sehemu moja ya milioni ya milioni ya ampea. Ampuli moja ya wati 10, kwa volti 220, inatumia pikoampea bilioni 45. Hata hivyo, pikoampea moja tu ni chembe zaidi ya milioni sita za chumvi zenye chaji zinazopita kila sekunde. Kwa sababu utando wenyewe haupitishi kitu, hata uvujaji mdogo namna hiyo unaweza kuonekana. Kama ukuta ungekuwa na nyufa, mlango mmoja usingetambulika.

Miaka miwili baadaye, Mueller, yule wa Philadelphia, pamoja na Mauricio Montal walipata njia bora ya kutengeneza utando. Badala ya kupaka mafuta mazito, waliunganisha safu mbili zilizotandazwa juu ya maji, moja kila upande wa tundu. Utando huo haukubakiwa na mafuta ya kuyeyushia katikati yake. Uwezo wake wa kuweka chaji ulikuwa karibu mara mbili ya ule wa zamani, na ulikaribia ule wa seli hai. Kunako mwaka wa 1976, Erwin Neher na Bert Sakmann, nchini Ujerumani, walifaulu kupima mlango mmoja katika utando wa seli hai yenyewe. Walipewa tuzo ya Nobel mwaka wa 1991.

Kutoka mlango hadi herufi

Mwaka wa 1989 mtafiti mwingine Mmarekani, David Deamer, aliandika wazo moja katika daftari lake. Kama kuna tundu dogo katika utando, na umeme unapita ndani yake, uzi wa DNA ukivutwa katika tundu hilo ungeziba njia. Kila herufi ina umbo lake. Basi labda kila herufi ingeziba kwa kiasi chake, na kwa kutazama umeme peke yake mtu angeweza kusoma.

Lilikosekana tundu lenye kipimo kinachofaa. Lilipatikana kwa adui wa wagonjwa: bakteria aina ya stafilokoki, wale wanaosababisha majipu na kuchafua vidonda. Bakteria hao wanatoa protini inayotoboa seli za mtu. Mahali pake pembamba zaidi, tundu la protini hiyo lina upana wa karibu nanometa 1.4, kiasi cha kupitisha uzi mmoja na si miwili. Silaha ya bakteria ikawa kifaa cha kupimia.

Mwaka wa 1996, John Kasianowicz, Eric Brandin, Daniel Branton na Deamer walitangaza matokeo. Waliweka tundu moja katika utando wa lipidi, wakaweka karibu volti sehemu moja ya kumi, na umeme wa zaidi ya pikoampea mia moja ukapita. Walipoongeza nyuzi za RNA, umeme ulishuka kwa muda mfupi sana, kisha ukarudi. Nyuzi ndefu ziliziba kwa muda mrefu zaidi, na nyuzi fupi kwa muda mfupi. Kila mshuko ulikuwa uzi mmoja unaopita.

Shida ilibaki kwamba uzi unapita haraka mno. Kila herufi ilibaki ndani ya tundu kwa sehemu chache tu za milioni ya sekunde. Ilichukua miaka mingine zaidi ya kumi kupata breki: enzaimu inayoshika uzi na kuuachilia herufi moja baada ya nyingine. Watafiti walibadilisha pia tundu lenyewe, wakatafuta lenye kiuno kifupi zaidi ili herufi zisichanganyike.

Kampuni ya Oxford Nanopore Technologies, iliyoanzishwa Uingereza mwaka wa 2005 kutokana na kazi ya mwanakemia Hagan Bayley, ndiyo ilitoa mashine ndogo inayoitwa MinION. Ilianza kutolewa kwa watafiti mwaka wa 2014. Ina uzito usiofika gramu mia moja, na inachomekwa kwenye kompyuta kama kifaa cha kuwekea picha. Ndani yake kuna njia 512 za kupima umeme kwa wakati mmoja. Utando wake si wa lipidi za asili tena. Ni wa polima, kwa sababu mafuta ya asili yanapasuka upesi na hayavumilii safari. Lakini kazi yake ni ileile: kuzuia umeme wote, ili ule unaopita katika tundu usikike.

Labo ndani ya sanduku la safari

Mwaka wa 2015, wakati Ebola iliwaka Afrika ya Magharibi, watafiti walibeba mashine hizo hadi Guinea kama mizigo ya kawaida ya ndege. RNA ya virusi iligeuzwa kwanza kuwa DNA, kisha ikapitishwa katika matundu. Walisoma virusi kutoka sampuli 142. Matokeo yalipatikana kwa muda usiofika saa 24 baada ya kupokea sampuli, na kusoma kwenyewe kuliweza kuchukua dakika 15 hadi 60.

Mashine hiyo ina mipaka yake. Mshuko wa umeme unaweza kusomwa vibaya, kwa hiyo sehemu ileile inasomwa mara nyingi na kulinganishwa. Vipande vyenye utando vinatunzwa katika baridi kabla ya kutumiwa, jambo ambalo si rahisi mahali moto unapokatika kila siku. Tena kuna adui mdogo ambaye kila fundi wa mashine hiyo anaambiwa kumuogopa tangu siku ya kwanza: pofu la hewa. Pofu moja likiingia pamoja na dawa, linapita juu ya utando na kuupasua, na matundu mengi yanakufa mara moja.

Virusi vya Ebola vina herufi karibu elfu kumi na tisa. Vinapotoka mtu hadi mtu, herufi moja moja inabadilika. Virusi viwili vinavyofanana karibu kabisa vina chanzo cha karibu. Virusi vilivyotofautiana sana vimeachana zamani. Kwa hiyo, yule anayesoma haraka anaweza kumwambia munganga wa zoni ya afya kama mgonjwa mpya anatoka katika mlolongo unaojulikana, ao kama kuna mlolongo mwingine ambao hakuna anayeufuata. Katika mlipuko wa Kivu ya Kaskazini, timu za riposti zilihitaji kujua jambo hilo kabla ya kuamua ni nani achanjwe na ni nyumba gani zitembelewe.

Kwa mgonjwa yule wa 2019, herufi hazikuweza kumrudishia uhai wake. Lakini zilionyesha ugonjwa ulitoka wapi, na zikawafundisha waganga kwamba mtu aliyepona Ebola anaweza, kwa nadra, kuugua tena na kuwaambukiza wengine. Tangu hapo kuwafuatilia waliopona kumepata uzito mpya, kwa faida yao wenyewe na ya jamaa zao.

Kila mara mashine ya mfukoni inapowashwa, kabla ya kusoma hata herufi moja, inafanya kwanza kazi ya zamani. Inaweka volti ndogo na kupima umeme katika kila njia. Umeme ukiwa mwingi mno, utando umepasuka. Ukikosekana kabisa, utando ni mzima lakini hauna tundu. Ukiwa wa kiasi kinachotazamiwa, kuna tundu moja lililo wazi, na kusoma kunaweza kuanza. Ni kipimo kile kile walichokifanya watu wa Philadelphia kwa burashi, kikombe na mafuta ya ubongo.